Kunusa Mdomo wa Ndama

Ninyi vijana mliofungua vibanda vya dawa za mifugo kando ya barabara ya Arua kwenda Koboko, nimewaona. Mtu akisema ndama wake anaharisha, mkono wenu unafika kwenye rafu kabla hajamaliza maneno. Sindano, chupa, haya, mwingine. Siwasemi vibaya. Nami nilikuwa kijana, na rafu hizo zingekuwepo enzi zetu ningezikimbilia vilevile. Ila sasa nimestaafu, nakaa hapa Oli, mjini Arua, na magoti yangu mabovu, na watu bado wananisimamisha njiani kuniuliza habari za ng'ombe. Basi nimeona niseme mara moja, kwa wote, jambo ambalo nimelibeba tangu kijiji cha Abuku, kule Koboko. Linahusu minyoo ya ndama, na linahusu mwanamke mmoja anayeitwa Poni. Kichwani mwangu mambo hayo mawili yamekwisha kuwa kitu kimoja.

Lakini siwezi kuanza na Poni. Lazima nianze na pua.

Kazi hii ya kutibu mifugo ya watu nilifundishwa na Mzee Onzima, Mlugbara wa Ayivu, mtu mfupi aliyevaa kofia ya sufu hata jua likichoma. Yeye alipanda baiskeli, mimi nilikaa nyuma na ndoo mapajani. Siku ya kwanza tulifika kwa mkulima mmoja ambaye ndama wake alikuwa amesimama katikati ya shamba la mihogo, kichwa chini, manyoya yamesimama, tumbo limetuna. Mimi nikaanza kumpapasa tumbo, nikajifanya najua. Mzee Onzima akanipiga kofi mkononi.

"Taban, tumbo iko nadanganya," akasema. "Wewe nusa mudomo."

Nilidhani ananitania, maana wazee wa kazi wakipata mgeni huwa hawakosi la kumfanyia. Nikacheka. Yeye hakucheka. Basi nikainama, nikapeleka pua yangu kwenye mdomo wa ndama, na ile harufu ikanipanda mpaka machozi yakanitoka. Ilikuwa ya samli iliyochacha, lakini kali, yenye kuchoma kidogo. Sijapata kuisahau. Mzee akaniuliza nimesikia nini, nikamwambia. Akaniambia hiyo ndiyo pumzi ya ndama mwenye minyoo wale wakubwa, na kwamba kuanzia siku hiyo nisimpe ndama dawa yoyote kabla sijamnusa. Watu walituona vichaa. Kuna mama mmoja pale Ayivu aliyewaambia majirani kwamba serikali imeleta wanaume wawili wa kubusu ndama, na jina hilo lilitufuata kwa muda mrefu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi wenu mnapokosea. Minyoo hawa ndama hawaokoti kwenye majani. Utawakuta kwa ndama ambaye hajaonja jani hata moja. Mama yake ndiye aliyemeza mayai yao malishoni, siku nyingi nyuma, na yeye hayakumdhuru. Yakaangua, wale wadogo wakaingia kwenye ini na kwenye nyama yake, wakalala humo kimya. Mimba ikikaribia kukomaa wanaamka. Wanasafiri hadi kwenye kiwele, na ndama akinyonya anawapokea pamoja na maziwa. Mama mwenyewe amenona, manyoya yanang'aa, anakula vizuri. Huwezi kumshuku. Mtoto ndiye anayekonda huku anaharisha kinyesi cha rangi ya udongo wa mfinyanzi, na asipopata dawa anakufa mdomo ukinuka hivyo.

Dawa anapewa ndama, hapewi mama. Wale waliolala ndani ya nyama ya mama, dawa zetu haziwafikii, hata mkimmiminia pipa. Na kwa ndama kuna wakati wake. Ukimpa siku za mwanzo kabisa, maziwa bado yanaleta wengine. Ukingoja mpaka tumbo limevimba, minyoo wanakufa wote kwa pamoja na kuziba utumbo kama matambara kwenye bomba, na mwenye ndama atasema umemuua, na hatakuwa amekosea sana. Wiki ya pili au ya tatu, ndama bado mzima, bado anarukaruka: hapo ndipo. Kazi ngumu si kumimina dawa. Kazi ngumu ni kumshawishi mtu atibu mtoto ambaye haonekani mgonjwa.

Pale Koboko palikuwa na mzee mmoja, askari mstaafu, tulimwita Afande Rajabu. Alikuwa na ng'ombe wazuri, na nidhamu kubwa kuliko zizi lake. Tukifika, ndama wamepangwa mstari, kila mmoja ameshikwa na mjukuu, na yeye amesimama mbele na fimbo kwapani. Alikubali kila neno la Mzee Onzima isipokuwa moja. Hakukubali mtoto atangulie kupata dawa kabla ya mama.

"Hapana," akasema. "Mukubwa kwanza. Kwa jeshi iko hivyo, na kwa nyumba yangu iko hivyo."

Mzee Onzima hakubishana naye. Alijaza chupa maji ya mtungi, akammiminia ng'ombe mmoja baada ya mwingine kwa heshima zote, akampigia Afande saluti, kisha akawatibu ndama. Afande aliridhika kabisa. Ndama wake hawakufa, na ng'ombe wake hawakuwa na kiu siku hiyo.

Dawa zenyewe zimebadilika. Kwanza tulikuwa na unga, tunakoroga kwenye ndoo kwa kijiti. Baadaye vikaja vidonge vikubwa ambavyo ilibidi tuviponde kwa jiwe, ndiyo maana vidole vyangu viko hivi. Siku hizi ninyi mna maji meupe ndani ya chupa, tayari. Chupa ya kunyweshea ni ileile, chupa ya soda yenye shingo ndefu, na namna ya kunywesha ni ileile. Msiinue kichwa cha ndama mpaka anatazama mawingu. Pua isipande juu ya macho. Ingizeni shingo ya chupa pembeni mwa shavu, mimineni kidogo, mwacheni ameze, kisha kidogo tena. Kijana mwenye haraka anayajaza mapafu dawa, halafu anasema dawa ilikuwa mbaya.

Haya. Sasa Poni.

Baba yake Poni ni Mzee Wani wa Abuku, mkulima Mkakwa, Mkristo, mtu wa maneno machache. Poni aliolewa na Yasini, kijana Mwislamu wa mjini Koboko, babu yake alikuwa askari, mwenyewe akichuuza nguo na sabuni hadi kule mpakani. Familia zote mbili zilisumbuka kabla ya kukubali. Yasini alitoa mahari ya msikitini, akatoa na ya ng'ombe, ili asiwepo mtu wa kusema hakuoa sawasawa. Katika ng'ombe aliopeleka Abuku alikuwemo mmoja mwekundu mwenye baka jeupe puani, mtulivu, mnene, na Mzee Wani alimpenda huyo kuliko wote. Wengine waligawiwa wajomba, kama ilivyo desturi. Mwekundu akabaki nyumbani.

Mnajua wenyewe mambo ya ng'ombe wa mahari huku kwetu. Akifa mapema, aliyemtoa anaulizwa. Asipozaa, anaulizwa. Na huyu alizaa, lakini ndama wa kwanza akakonda, akaharisha, akafa. Mzee Wani akanyamaza. Alipozaa wa pili na yule naye akaenda njia hiyohiyo, wajomba hawakunyamaza. Walikaa wakasema ng'ombe huyu hajasimama, yaani hajatimia, na mahari isiposimama, ndoa nayo haijasimama. Wakamtumia Yasini ujumbe: lete mwingine mahali pake. Yasini hakuwa na mwingine. Wakamwita Poni arudi kwa baba yake mpaka jambo hilo liishe, naye akarudi Abuku na mtoto wao Saidi mgongoni, bado ananyonya.

Yasini ndiye aliyekuja kunitafuta. Wakati huo nilikuwa nimehamishiwa Koboko kabisa, na Mzee Onzima alikuwa amekwisha kufariki. Kijana alisimama mlangoni kwangu, kanzu safi, macho mekundu.

"Dakitari, hii ngombe mimi nilinunua kwa jasho yangu," akasema. "Hapana iba. Hapana dawa mbaya juu yake. Wao nasema mimi nilileta laana. Wewe enda angalia."

Nikaenda. Ng'ombe alikuwa mzima kabisa. Nikauliza ndama walikufa vipi, nikasikia habari za kinyesi cha rangi ya udongo. Nikauliza kama kuna aliyewanusa mdomo. Bibi mmoja, mama mkubwa wa Poni, akasema kwa sauti ndogo kwamba wa pili alinuka kama samli mbaya. Hapo nikajua, na moyo wangu ukafurahi, kwa sababu kitu kinachojulikana kina dawa. Ng'ombe alikuwa na mimba tena.

Mzee Wani aliniweka kwenye kiti kizuri mbele ya nyumba. Wajomba walikaa huku, mimi huku, chai ikaja. Nikawaeleza yote niliyowaeleza ninyi: minyoo wanalala ndani ya mama, wanapita kwenye maziwa, si laana, si Yasini. Nikasema ndama atakayezaliwa aachwe anyonye kama kawaida, tena anyonye maziwa ya kwanza, yale mazito ya njano, maana bila hayo ndama hana nguvu ya kupigana na ugonjwa wowote. Wiki ya pili nitakuja mwenyewe na dawa. Wajomba waliuliza, nikajibu. Mwishowe Mzee Wani akaweka kikombe chini.

"Mimi hapana chukia Yasini," akasema. "Yasini iko kijana muzuri. Kama huyu mutoto ya ngombe nasimama, Poni narudi kwa nyumba yake, na maneno imekwisha. Kama nakufa tena, mimi nasema nini mbele ya ndugu yangu?"

Wote wakakubali. Hivyo ndoa ya watu wawili, na mtoto wao, ikawekwa juu ya mgongo wa ndama ambaye hajazaliwa.

Poni hakuwepo kwenye kikao. Alikuwa nyuma, jikoni, anapura maharagwe, na nilimwona kwa upande mmoja tu wa uso wake. Nilijua yeye ndiye angemlea ndama, kwa sababu katika nyumba ile wanaume wanamiliki ng'ombe na wanawake wanashika kamba. Nikamwambia mzee amwite, nimwambie naye.

"Mimi nitaambia yeye," Mzee Wani akajibu, kwa upole kabisa. "Wewe maliza chai, Dakitari."

Na ndivyo tulivyofanya kazi siku zote, kila mahali. Unazungumza na mwenye mali, mbele ya nyumba, kwenye kiti. Maneno yanayofika jikoni yanafika yamepungua. Mzee alimwambia Poni kwa ukweli wa moyo wake. Alimwambia yale aliyoyaona makubwa: minyoo iko ndani ya maziwa ya ile ng'ombe, na maisha yako yako kwa huyu ndama, basi mlinde. Habari ya maziwa ya kwanza haikumkaa kichwani. Yeye tangu azaliwe hajawahi kumwona ndama asiyenyonya, angeonaje sababu ya kumwambia mtu amwache ndama anyonye?

Ng'ombe alizaa mvua zikiwa zimeanza. Poni alinipigia simu. Nilisikia furaha yake hata kabla sijasikia maneno. Ndama jike, mwekundu kama mama yake. Nikamwambia namshukuru Mungu, amtunze vizuri, nitakuja wiki ya pili.

"Mimi nalinda yeye muzuri, Dakitari," akasema. "Muzuri sana. Hata usiku mimi naamuka."

Nilikata simu nikacheka peke yangu. Nilimtafuta Yasini sokoni nikampa habari, akanishika mkono na hakuuachia. Akanunua soda mbili, ya kwake hakuinywa, akanipa zote. Akaniambia amekwisha kupaka nyumba chokaa.

Siku ya kwenda ilipofika nilipanda boda na dawa kwenye mfuko, chupa ya soda imeoshwa, na habari ya chokaa ya Yasini akilini mwangu. Kabla hatujafika nilimsikia ng'ombe. Ninyi mnajua mlio huo. Si wa njaa wala wa maji. Ni ng'ombe anayeita mtoto. Nikamwambia dereva aongeze mwendo.

Mwekundu alikuwa amefungwa upande mmoja wa boma, kiwele kimejaa mpaka kimekuwa kigumu, maziwa yanadondoka yenyewe. Upande mwingine kabisa, nyuma ya ghala, Poni alikuwa amejenga kijumba cha ndama. Kilikuwa kizuri, kimezungushwa miiba, sakafu imefagiwa, majani makavu yametandikwa. Ndama alikuwa amelala ubavu humo ndani. Nyuma yake kulikuwa kumelowa, na mbavu zilihesabika. Macho yalikuwa yameingia ndani.

Poni alisimama na Saidi mgongoni, kibuyu cha uji mkononi. Alikuwa amechoka, lakini usoni kulikuwa na fahari, nami nikaogopa ile fahari kuliko kitu chochote.

"Mimi natoa yeye kwa mama yake ile siku nazaliwa," akasema. "Hata mara moja hapana kunywa ile maziwa, Dakitari. Mimi naomba maziwa kwa jirani, nachanganya na uji ya muhogo. Lakini yeye naharisha. Minyoo ilipita wapi?"

Niliingia miiba ikanichana suruali, nikapiga magoti, nikainama, nikanusa mdomo wa ndama. Nilinusa mara ya pili. Hakukuwa na samli iliyochacha wala ile harufu ya kuchoma. Palikuwa na harufu ya uji wa muhogo, basi. Hakuwa na mnyoo hata mmoja. Mkononi nilikuwa na dawa nzuri kuliko zote nilizopata kuzishika, na hapakuwa na kitu cha kutibu kwa dawa hiyo.

Tulijaribu. Tulikamua maziwa ya mama yake, tukampa kwa chupa taratibu, pamoja na maji ya chumvi na sukari, tukamfunika gunia. Lakini maziwa ya njano yana siku yake ya kwanza, ikipita imepita, na hakuna kibanda kinachoyauza. Alikufa jua likiwa bado juu. Ng'ombe aliendelea kuita.

Mimi ndiye niliyemwambia Poni. Mtu mwingine angeweza kuficha, na nimewahi kujiuliza kama kuficha kungekuwa huruma. Lakini ng'ombe angezaa tena. Nilimwambia kwa maneno machache niliyoyaweza: kwamba minyoo haikuwepo, kwamba ndama alihitaji yale maziwa, hata yakiwa na minyoo ndani yake, kwa sababu minyoo ina dawa na kukosa maziwa hakuna dawa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Saidi aliamka mgongoni akalia, naye akamzungusha mbele akampa titi, akiwa bado amesimama, bado ananitazama.

"Kumbe yeye alikuwa nalia njaa ya mama yake," akasema. "Mimi nilisema nalia minyoo."

Nilizungumza na Mzee Wani siku ile na siku nyingine nyingi. Nilizungumza mpaka nikamkasirisha, na mimi mwenyewe nilikasirika, nikasema maneno ambayo mtu hamwambii mzee nyumbani kwake. Yeye hakuwa mkatili. Alipoelewa kilichotokea aliketi chini, ardhini, mtu mzima yule, akafunika uso kwa kofia. Lakini neno lilikuwa limesemwa mbele ya wajomba, na wajomba hawakutaka kusikia habari za maziwa ya njano. Ndama watatu wamekufa. Lete ng'ombe mwingine.

Yasini alivuka mpaka kwenda Sudani Kusini kutafuta ng'ombe huyo. Biashara ilikuwa ngumu, njia zikafungwa, simu zake zikawa za nadra, halafu hazikuwepo. Tulikuja kusikia ameoa huko. Sina la kumlaumu, na bado ninamlaumu. Saidi alipoachishwa ziwa, mama yake Yasini alikuja Abuku na wazee wawili kumchukua, maana mtoto ni wa ukoo wa baba, na hilo hakuna aliyelibishia, hata Poni. Alimwogesha, akamvisha shati jipya, akamfunga mgongoni mwa bibi yake kwa mkono wake mwenyewe. Mimi sikuwepo. Aliyenisimulia ni mama mkubwa wake, yule aliyeisikia harufu ya samli. Alisema Poni alirudi jikoni akaendelea kupura maharagwe, na kwamba ng'ombe mwekundu alikuwa amesimama pale mlangoni, na Poni akamfukuza kwa mkono.

Mwekundu alizaa tena. Safari hii nayo Poni ndiye aliyenipigia simu, na ndiye aliyenipokea, si baba yake, na nilipofika hatukukaa kwenye viti. Tulikwenda moja kwa moja zizini. Ndama alikuwa chini ya mama yake, mkia unacheza, povu la maziwa mdomoni. Nikamwambia Poni amshike, akamshika. Nikamnywesha dawa kwa chupa, pembeni mwa shavu, kidogo kidogo. Baada ya siku kadhaa Poni aliona minyoo midogo kwenye kinyesi, akanipigia kunieleza, akanieleza rangi yake na urefu wake, kwa sauti ya mtu anayesoma jina la adui. Yule ndama hakukonda. Alikua, akawa mtamba mzuri.

Mzee Wani aliwaita wale wajomba waje wamwone. Walimzunguka, wakamsifu, wakasema sasa ng'ombe amesimama, mahari imetimia, Poni yuko huru kurudi kwenye nyumba yake. Nilikuwepo. Hakuna aliyeuliza nyumba gani. Mzee alimpa Poni ng'ombe mwekundu na mtamba wake, wote wawili, jambo ambalo baba wa huku hafanyi kwa binti. Poni alipiga magoti akamshukuru. Kisha akaja kwangu akaniomba nimfundishe chupa.

Nikamfundisha. Yote niliyopewa na Mzee Onzima nilimpa yeye, pamoja na pua. Sasa watu wa Abuku ndama wao akizaliwa wanamwita Poni kabla hawajawaita ninyi, na hilo msilione vibaya. Dawa ananunua kwenu. Ila nendeni siku moja mkamtazame anavyofanya kazi. Akifika kwenye boma, mwenye ng'ombe anamletea kiti, naye anashukuru na kukipita, anakwenda jikoni. Anauliza nani anashika kamba. Huyo ndiye anayezungumza naye, awe mke, awe binti, awe bibi kizee, na hasemi neno la minyoo kabla hajasema la maziwa.

Kabla tu ya kustaafu nilikwenda kumuaga. Nilimkuta kwa jirani, kwa mke mgeni aliyeolewa karibuni, bado mtoto kabisa, anaogopa ng'ombe na anaogopa mama mkwe wake zaidi. Ndama alikuwa wa wiki ya pili, mzima. Poni alimshikisha yule binti kamba, akanywesha dawa vizuri kuliko ninavyonywesha mimi, hakumwaga tone. Alipomaliza aliinama akaweka pua yake kwenye mdomo wa ndama, akakaa hapo muda mrefu, macho amefumba.

Nikaona kama amesahau nilivyomfundisha, maana kunusa ni kabla ya dawa. Nikamwuliza ananusa nini tena, minyoo si imekwisha kutibiwa?

"Minyoo mimi hapana tafuta, Dakitari," akasema. "Mimi natafuta maziwa."

Alipoyapata akamwambia yule binti aachie kamba, na ndama akakimbia kwa mama yake.